Nafasi ya Tano kwenye Wimbo wa Alois

Usiku wa jana, saa nane kasoro, niliisikia tena. Krr. Krr. Krrr. Kama kuku anaparua bati, ila pole pole, na kwa mpangilio. Mgeni angesema ni panya. Mimi najua gitaa la umeme ambalo halijachomekwa popote linavyosikika, maana nililala nalo ukuta kwa ukuta mwaka na nusu. Halilii, linakwaruza tu. Na gitaa lenyewe tulilizika. Nililiona kwa macho yangu likishushwa kaburini juu ya sanduku la mwenyewe.

Basi nimeamua kuandika. Ukiona nafoka humu ndani usinishangae, nimeogopa mpaka uoga ukaisha, kilichobaki ni hasira.

Jina la mwanangu siliandiki. Ukifika mbele utajua kwa nini. Mimi ni Getruda, binti Masunga. Baba yangu alikuja na ng'ombe kutoka Usukumani akaweka boma upande wa Laela, mimi nikasoma mpaka kidato cha nne, nikaolewa Milanzi, hapa hapa Sumbawanga mjini, kwa Mfipa anaitwa Christopha. Ana duka dogo karibu na kijiwe cha bodaboda. Anachaji simu, anatoa kopi, anaingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Kazi yake kubwa ndiyo hiyo ya nyimbo.

Nyumbani tulikuwa watu watano. Mimi, Christopha, mtoto wetu wa miezi saba, mama mkwe wangu Mama Margareth, na kaka yake Mama Margareth, Mjomba Alois, aliyelala chumba cha uani.

Huyo Alois ndiye mwenye habari. Alipokuwa kijana alivuka mpaka akaenda kuchimba shaba Zambia, kama walivyofanya vijana wengi wa Ufipa enzi zile. Wenzake walirudi na baiskeli na mablanketi, yeye akarudi na gitaa la umeme jekundu na mtindo wa kulipiga ambao huku haukuwahi kusikika, gitaa linavutwa uzi mmoja mpaka linalia kama mtu aliyefiwa. Wazee wa hapa bado wanasimulia, wanasema alikuwa akipiga Laela msimu wa mahindi, wanunuzi wa nafaka wanasahau magari yao barabarani. Walimwita Mkono wa Moto. Halafu miaka tisa iliyopita kiharusi kikampiga, mkono wa kushoto ukafa. Vidole vikajikunja kama miguu ya kuku aliyechinjwa. Gitaa likabaki ukutani, na jioni alilishusha akalikwaruza kwa mkono wa kulia peke yake.

Nilimhurumia. Nataka hilo lijulikane. Nilimkatia nyama, nilimfunga vifungo, kila asubuhi nilipiga goti nikamwambia shikamoo Mjomba.

Wazo lilikuwa la Christopha. Alisema mzee atakufa na nyimbo zake zitakufa, afadhali azikusanye zile bora ziwe kazi moja, Nyimbo Kumi na Mbili Bora za Alois Mkono wa Moto, na picha yake juu. Akahangaika miezi miwili. Kaseti moja aliitoa kwa mama mmoja Laela aliyewahi kuwa na baa, nyingine alizikuta kanisani kwenye kabati la kwaya, sijui zilifikaje huko. Akapata nyimbo kumi na moja. Kaseti yenye wimbo wa kumi na mbili alipewa na Mjomba mwenyewe. Ilikuwa imezungushiwa kitambaa na kushonwa kwa uzi wa gunia, kama dawa.

Siku hiyo nilikuwepo dukani, nimepeleka ugali wa ulezi na dagaa. Mchana mweupe, jua kali, upepo ule wetu wa kukausha midomo. Bodaboda wanataniana nje. Mjomba amekaa kwenye benchi lake, Christopha anahamisha wimbo kutoka redio kaseti kwenda kwenye kompyuta.

Ulikuwa wimbo wa taratibu. Kila beti likiisha gitaa linanyamaza, Alois anataja jina la mtu, gitaa linarudi. Bendi za zamani zote zilifanya hivyo, mtu akitaka kutajwa anatajwa, ni sifa. Angela. Amos. Meshack. Rhoda. Majina manne, beti nne. Beti la tano lilipoisha gitaa likanyamaza, na pale hapakuwa na jina. Kimya tu. Sekunde nne. Halafu gitaa likarudi.

Sasa, Christopha ana tabia moja, na wenzake wa kazi ile wote wanayo. Akitoa kazi lazima aweke sauti yake juu ya kila wimbo ili wenye maduka ya katikati ya mji wasimwibie. Na hajitaji Christopha. Anajitaja kama wanaume wote wa huku wanavyoitwa wakishazaa, Baba Fulani wa Milanzi, na hapo kwenye fulani ni jina la mwanangu. Kwenye nyimbo kumi na moja alikuwa amejitaja katikati ya gitaa linalolia, na Mjomba kila mara alikunja uso.

"Unanikanyagia gitaa, mwanangu."

"Mjomba, bila hivyo wataniibia."

Kwenye huo wa kumi na mbili Mjomba hakukunja uso. Alisogeza benchi. Akasema kwa upole, "Hapa pana nafasi. Jitaje hapa. Haligusi kitu."

Nikacheka. Mimi. Nikasema, "Mjomba leo umekuwa fundi mitambo." Naye akanitazama, akamtazama mtoto mgongoni kwangu, akacheka na yeye.

Jioni tulikaa sebuleni kuisikiliza kazi yote. Mtoto alikuwa ananyonya, mkono wake wa kushoto ameuweka kifuani kwangu, anapapasa kama kawaida yao. Wimbo wa mwisho ukafika. Angela. Amos. Meshack. Rhoda. Beti la tano likaisha.

Neno Baba halikuwepo. Wala Milanzi. Lilibaki jina la mwanangu peke yake. Na sauti haikuwa ya Christopha.

"Hii umeifanyaje?" nilimuuliza.

"Labda imekatika," akasema. Lakini hakunitazama.

Mtoto akaacha kunyonya. Mkono wake ukateleza kifuani kwangu, ukaanguka. Ukaanguka kama kitambaa kilichoteleza kwenye kamba.

Asubuhi nilipeleka chai uani. Mjomba Alois alikipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

Tulienda hospitali. Daktari akauinua mkono wa mtoto, akauachia, ukaanguka. Akaminya kidole kwa kucha, mtoto hakulia. Akaniuliza kama nilimwangusha, nikasema hapana, akaniuliza kama nilimlalia, nikasema hapana, akaandika karatasi akasema turudi baada ya wiki mbili. Nilipoushika ule mkono ulikuwa wa baridi. Mkono mmoja baridi, mwingine wa moto, mtoto yule yule.

Na wimbo ukawa umeshatoka. Christopha aliuza kama maandazi. Watu walimkumbuka Alois, wazee kwa vijana, kila mtu anataka. Bodaboda anapita na spika, ni ule. Gari la kwenda Laela limesimama kupakia, ni ule. Nimekaa sokoni nachagua nyanya, muuza mitumba anaufungulia kwa sauti kubwa, napiga hesabu ya beti moyoni, najua jina linakuja, naziba masikio ya mtoto kwa viganja vyangu. Haikusaidia. Kila ulipopigwa ubaridi ulipanda. Siku ya tatu ulikuwa kwenye kiwiko. Siku ya tano begani. Na usiku, ukutani, kukwaruza kulibadilika, kulianza kuwa na vidole vingi.

Nilimwambia Christopha afute. Akanijibu, "Geti, umesoma mpaka fomu foo, leo unaniletea habari za radi." Ndivyo watu wa mikoani wanavyotutania, ukisema unatoka Sumbawanga wanakuuliza umekuja kwa radi au kwa basi. Nikamwambia mguse mwanao. Akamgusa bega. Akavaa viatu. Akaenda dukani usiku ule ule akafuta kila kitu kwenye kompyuta. Asubuhi bodaboda wa kwanza aliyepita alikuwa nao.

Siku ya sita nilimfuata Mama Margareth jikoni. Alikuwa anapepeta ulezi. Mama mkwe wangu hanipendi sana, ananiita Msukuma mpaka leo, lakini siku hiyo hakuniita chochote. Alipoona nimefunga mlango akaacha kupepeta.

"Mama, Angela ni nani?"

Akauinua ungo, akaushusha.

"Mama."

"Mtoto wake," akanong'ona. "Mtoto wa Alois. Alikuwa na miaka mitatu. Mimi ndiye nilikuwa nambeba."

Nikasimama tu. Akaendelea, macho kwenye ungo, kama anausimulia ulezi. Alisema Alois alirudi na ule wimbo kutoka kule machimboni, ukiwa na nafasi tano, na nani alimpa hakusema. Wimbo wake wa kwanza kabla ya hapo haukumsimamisha hata mbuzi. Akamtaja Angela. Vidole vikafunguka. Kila vilipochoka akataja mwingine, Amos mpiga ngoma wake, Meshack mnunuzi wa mahindi aliyeomba mwenyewe kutajwa na akafurahi kweli kweli, Rhoda mke wake.

"Walikaa siku ngapi?"

"Siku ya tisa hakuna aliyeiona."

"Na ulijua kaseti imetoka."

"Niliijua kwa kile kitambaa. Nilikishona mimi."

"Ulijua, Mama. Umekaa humu siku sita unakula ugali wangu, unajua."

"Ni ndugu yangu, Getruda," akasema. "Ningemsemaje?"

Siwezi kukueleza hasira ile. Ilianzia kwenye nyayo. Nikachukua kitenge nikamfunga mwanangu mgongoni, na alivyokuwa mzito upande mmoja nilijua nimebakiza siku ngapi.

Siku ya saba nililala mlangoni, macho makavu, nikiwaza. Kufuta hakufai. Kulia hakufai. Padre alishamwombea akaondoka. Ila palikuwa na kitu kimoja: Alois aliwataja watu maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumtaja yeye. Kwenye picha aliyoiweka Christopha jina lilikuwepo, kweli, lakini ndani ya wimbo hapana. Nafasi ilitaka jina. Basi.

Siku ya nane, saa nane mchana, Christopha alikwenda mjini kufuata karatasi za kopi. Nikaingia dukani. Mjomba alikuwa kwenye benchi lake nje ya mlango, amenipa mgongo, anaota jua. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinacheza juu ya paja. Vinne. Haraka haraka. Vinapanda, vinashuka. Vilikuwa vizuri kuvitazama, nisiseme uongo.

Kaseti nikaikuta kwenye droo. Kidirisha chake cha pembeni kilikuwa kimevunjwa, kama walivyofanya zamani ili mtu asirekodi juu yake. Nikasokota karatasi nikaziba, nikabandika selotepu. Nikarudisha nyuma kwa kalamu, mwanangu mgongoni hata kupumua simsikii. Nikaiweka kwenye redio kaseti.

Ilibidi nisikilize wote ili nipajue mahali. Angela. Amos. Meshack. Rhoda.

Beti la tano likaisha. Na kwenye kaseti, ambayo Christopha hakuigusa, maana yeye alijirekodi kwenye kompyuta, jina la mwanangu lilikuwa pale. Limekaa. Kama lililoimbwa miaka arobaini iliyopita, kabla hata mimi sijazaliwa.

"Mkwe," akasema. Hakugeuka. "Unarudisha nyuma nini?"

"Narekebisha."

"Chris anajua?"

Nilikuwa narudisha kidogo kidogo.

"Nafasi moja niliibakiza miaka arobaini," akanong'ona. "Hilo hamlihesabu. Nilikuwa na mkono mzima, sikuijaza. Lakini kulishwa, mkwe. Kufungwa vifungo. Miaka tisa. Wewe hujui."

"Nilikuwa nakufunga mimi, Mjomba."

"Ndiyo. Mungu akubariki."

"Na mwanangu?"

Vidole vikasimama juu ya paja. Akafikiri. Kweli alifikiri, kama mtu anayetafuta neno la kumfariji mwenzake.

"Wewe bado kijana," akasema. "Utazaa."

Beti la tano lilikuwa linaisha.

Nikwambie kitu. Kwetu mimi, na kwao pia, mke hataji jina la mkwe wake mkubwa. Hata kama anaitwa jina moja na mtakatifu, kanisani unaruka. Mwaka na nusu nilikuwa nimeishi nyumba moja na yule mtu na jina lake halijawahi kupita mdomoni kwangu. Nilisema Mjomba. Nilisema Mzee. Alikuwa na hakika nami. Kati ya watu wote wa Sumbawanga, ni mimi peke yangu ambaye asingetegemea nimtaje.

Gitaa likanyamaza. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikainama karibu.

"Alois," nikasema.

Sikusema Mjomba. Sikusema Mzee. Sikusema baba wa mtu.

Nikaachia. Gitaa likarudi.

Alikuwa amegeuka. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alikuwa ananitazama mdomo.

"Nani amekufundisha," akanong'ona, "kulitaja jina langu?"

Halafu akautazama mkono wake. Kidole kidogo kikajikunja. Kikafuata cha pembeni yake. Kikafuata cha kati. Alijaribu kukizuia cha nne kwa mkono wa kulia, alikishika kabisa, nilisikia kifundo kikilia. Kikajikunja. Mgongoni kwangu mtoto akavuta pumzi ndefu, akapiga kelele, na vidole vyake vya kushoto vikanikamata nywele.

Alizivuta nywele zangu mpaka nikalia machozi, nikamwacha aendelee kuzivuta.

Mjomba Alois hakuiona siku ya tisa yake, wala ya pili. Alfajiri Mama Margareth alimkuta. Hakupiga yowe. Alitoka uani, akapita mbele yangu, akasema polepole, "Umemtaja." Tangu hapo hajaniita Msukuma. Hajaniita kitu chochote.

Msiba ulikuwa mkubwa, walikuja hata kutoka Laela, na walipiga zile nyimbo kumi na mbili kutwa nzima. Ulipofika wa mwisho nilitoka nje. Kaseti niliichoma kwenye jiko la mkaa siku hiyo hiyo. Christopha hajaniuliza iko wapi. Ila wanaume waliomuosha marehemu niliwasikia nyuma ya nyumba, wawili, wananong'ona. Mmoja alisema, "Mpiga gitaa wa miaka yote hiyo, na vidole vile vya kushoto. Laini. Havina hata mstari. Kama vya mtoto mchanga." Mwenzake akamwambia anyamaze.

Mimi nilishukuru tu mwanangu mzima. Sikufikiria. Mkono ulikuwa wa moto, unashika kijiko, unashika sikio la baba yake. Miezi sita nimekaa kwa amani.

Mpaka jana, saa nane kasoro. Krr. Krr. Krrr.

Nilikaa kitandani. Niliutazama ukuta wa uani. Chumba kile kimejaa magunia ya mahindi sasa, ufunguo ninao mimi. Nikasikiliza vizuri. Haikutoka uani. Ilitoka miguuni kwangu, kwenye kitanda cha mtoto.

Alikuwa amelala fofofo. Mkono wa kushoto umetoka nje ya blanketi, unapanda na kushuka kwenye ubao wa kitanda, pole pole, kwa mpangilio. Nikawasha tochi ya simu. Nikaushika ule mkono, nikaugeuza. Vidole vinne vina sugu. Ngumu, za njano, za mtu mzima aliyefanya kazi. Na juu ya kila sugu kuna mstari mmoja mwembamba, umekatiza, ambapo uzi ungekaa. Kidole gumba ni laini.

Nimemvalisha soksi mikononi. Kwa baridi ya huku hakuna atakayeuliza. Namwogesha mwenyewe, namkata kucha mwenyewe, Christopha akitaka kumshika namwambia amelala. Na hilo jina lililoko kwenye nafasi ya tano, kwenye memori kadi za watu mji mzima, sijathubutu kulisikiliza ni la nani.

Nimeandika mara moja, na nimekwambia wewe. Ukinikuta sokoni usiniulize. Sitamwambia mama mkwe, sitamwambia padre kwenye kitubio, na mwanangu mwenyewe akikua akaniuliza vidole vyake vimefanya kazi gani, nitamwambia alizaliwa hivyo. Mtu mwingine hatalisikia hili kutoka kwangu. Naapa kwa ule mkono.